Savanna Niliyomuuzisha Mume Wangu

Mume wangu, Yoshiharu, ni mtu wa maneno matatu: chakula, kuoga, kulala. Miaka arobaini sasa. Ukimdai la nne anakutazama kana kwamba umemwomba figo. Kwa hiyo siku ile ya Machi alipoingia ndani amekunja uso, akasema, "Gari limeruka lenyewe," nilijua mambo yameharibika, maana hayo yalikuwa matatu mengine kabisa.

Gari halikuruka, jamani. Alikuwa anaegesha nje ya duka la chini ya mlima, akakanyaga mafuta badala ya breki, akapanda ukingo na kuiangusha mashine ya kuuzia vinywaji. Makopo ya kahawa yalibingirika mpaka karibu na reli. Hakuumia mtu. Tuliporudi pale wote wawili, mwenye duka alituinamia akatuomba radhi kwa usumbufu, na sisi tukamwinamia zaidi, mpaka mgongo ukaniuma.

Binti yetu Chinatsu alifika jioni hiyohiyo na lile gari lake la Nagoya. Hapa kwetu Hiroshima, na hasa mitaa hii ya Aki tunayoishi chini ya pua ya kiwanda, watu hununua Mazda bila kuulizana. Yeye akaenda kununua la washindani wetu wa Nagoya, eti halili mafuta.

"Usiliegeshe hapo uani," baba yake akamwambia. "Majirani wataona."

"Baba, leo sicheki. Una miaka sabini na saba. Rudisha leseni."

Wazee wenzetu wengi wamesharudisha. Unakwenda polisi mwenyewe, unajaza fomu, unawapa leseni yako, wanakupa kadi ya kukupunguzia nauli ya basi. Ila sisi tunakaa juu mlimani, na basi lenyewe linapita mara tatu kwa siku, siku likijisikia. Pasipo gari hakuna daktari wala soko, na safari yetu ya kwenda kula chaza kila Januari ndiyo basi tena.

"Kosa si langu," Yoshiharu akasema. "Kosa ni hii otomatiki. Pedali mbili, mguu mmoja, mguu wa pili umelala usingizi. Nipe gari lenye klachi uone kama nitakosea."

"Wazee wote wanasema hivyohivyo, Baba."

"Wazee wote hawakuunda injini."

Hapo hakudanganya. Aliingia kiwandani ana miaka kumi na minane. Baba yake alikuwa akiuza mboga kwa lori la magurudumu matatu la kiwanda hichohicho, mji ukiwa bado majivu, na Yoshiharu alikulia nyuma ya lori lile kati ya matenga ya kabichi. Yeye akawekwa kwenye injini ya kuzunguka, ile isiyo na pistoni, ina kipande cha pembetatu kinachojizungusha ndani. Wenye viwanda wengine walijaribu wakachoka, wa kwetu wakakomaa nayo. Kisha mafuta yakapanda bei dunia nzima, na injini ile ilikuwa inakunywa hasa. Magari yakarundikana, kiwanda kikaanza kuyumba. Wafanyakazi wakavuliwa ovaroli, wakavishwa tai, wakatumwa mijini kuuza magari mlango kwa mlango. Huyu mtu wa maneno matatu akatumwa Osaka! Miaka miwili anabisha hodi kwa watu wenye midomo kama cherehani. Aliuza magari kumi na moja, na mpaka leo anakumbuka majina ya wanunuzi wote.

Aliporudi kwenye injini zake alikuwa ameapa. Mwaka sabini na tisa akanunua Savanna, ile RX-7 ya kijani yenye injini hiyohiyo, pua chini, taa za kuchomoza. Mshahara wote uliishia mle. Na mle ndani, ndugu zangu, Yoshiharu alikuwa anaongea. Sijui ni kwa sababu ya kutazama mbele badala ya kunitazama mimi. Tulikuwa tukizunguka pwani Jumapili, tunapita mashamba ya malimau, naye anaongea tu: utoto wake, baba yake, anavyoogopa kufa, alivyoniona mara ya kwanza. Nilikuwa nikijifanya nimelala ili asinyamaze.

Halafu akazaliwa Chinatsu. Ni mimi niliyesema gari liuzwe. Nilisema halina pa kumweka mtoto, linakunywa petroli, na sisi si matajiri. Nilisema mara moja tu, mbele ya mama mkwe, nikijua Yoshiharu hatabisha mbele ya mama yake. Akaliosha, akamwagia kila gurudumu sake kidogo, ile pombe yetu ya mchele, akaliinamia, akamkabidhi mtu ufunguo. Alirudi ndani akasema, "Chakula." Tangu siku hiyo sijasikia tena habari za baba yake wala za kuogopa kufa. Wakati mwingine injini ya aina ile ikipita barabara ya chini, anaweka vijiti vyake vya kulia mezani, anatoka kibarazani, anasimama mpaka sauti iishe. Kisha anarudi kula wali uliopoa. Mimi nimekuwa nikimtazama mgongo wake hivyo kwa miaka arobaini, na wivu wangu haukuwa kwa gari, ulikuwa kwa yule msichana aliyekaa mle akijifanya amelala.

Sasa sikilizeni. Siku mbili baada ya yale makopo, simu yetu ya mezani ikalia. Chinatsu kila mwaka anatuambia tuikate.

"Samahani, mama. Hapo ni kwa Bwana Kajitani Yoshiharu, aliyekuwa na Savanna ya kijani?"

Alikuwa msichana kinyozi wa Kure, mji wa jirani, anaitwa Mizuki Dohi. Amenunua gari kuukuu kutoka kwa familia ya marehemu fulani, na ndani ya kidroo cha dashibodi akakuta daftari la matengenezo. Kila oili iliyobadilishwa, tarehe na kilomita, kwa mwandiko wa mtu anayebana kalamu, na jalada lina jina na namba yetu. Alitaka kuuliza kwa nini mmiliki wa kwanza aliandika "inacheka" kwenye kurasa nyingine na kwenye nyingine hakuandika.

Nilimpa Yoshiharu mkono wa simu. Alisikiliza, akawa mwekundu mpaka masikioni. "Injini ikiwa imechanganya vizuri, sauti yake inakuwa hivyo," akasema. "Inacheka." Kisha akaongea dakika ishirini. Nilipima. Chai yangu ilipoa mkononi.

Mizuki akasema angependa mzee aliendeshe tena. Mjomba wake ana shule ya udereva Kure, Jumatatu imefungwa, uwanja wote mtupu. Yoshiharu akaona mlango umefunguka. Akampigia Chinatsu.

"Nitaendesha gari la klachi, mizunguko mitatu. Nikikosea hata kidogo, leseni narudisha. Nisipokosea, unifungie huo mdomo."

"Sawa. Ila Mama ndiye shahidi," Chinatsu akasema. "Akisema uliendesha salama, nanyamaza, na narudisha gari lako kutoka gereji. Akisema hapana, hakuna mjadala."

"Mama yako hajui hata klachi iko upande gani."

"Anakujua wewe, inatosha."

Wote wawili wakangoja jibu langu, mmoja kwenye simu, mwingine usoni. Niwaambie ukweli: nilitaka ashinde. Nilishamnyima gari lile mara moja, sikutaka kuwa mimi tena.

Jumatatu tulipanda treni ya kandokando ya bahari. Alivaa koti lake la zamani la kiwandani, limembana tumbo. Mizuki alikuwa ametungoja getini, nywele amezitia rangi ya chungwa, na nyuma yake lilikuwepo. Kijani kilekile. Nililitambua papo hapo, na mimi si mtu wa magari.

Yoshiharu hakuligusa kwanza. Alisimama, akaliinamia. Mizuki naye akainama, gari la watu likainamiwa pande zote.

"Ingia, Mzee Kajitani, kabla sijalia nikaharibu wanja," Mizuki akasema.

"Kiti umekisogeza."

"Miguu yangu mifupi, mzee. Nisamehe."

Alikaa. Mkono wake ukaenda kwenye gia bila kutazama. Mizuki akakaa kando yake, nami nikaambiwa nitafute mahali pazuri pa kupiga picha. Uwanja ule una kila kitu cha barabarani kwa udogo wake: taa, makutano, reli ya uongo, na pundamilia, ile mistari myeupe ya kuvukia. Nikasimama pembeni ya pundamilia, jua likiwa nyuma yangu.

Injini ikawaka. Mungu wangu, ile sauti. Nilikuwa tena na miaka ishirini na sita, na gauni langu la maua. Akaondoka taratibu, wala gari halikushtuka. Kona ya kwanza aliikata vizuri, akapunguza gia, nikamwona mdomo wake ukitembea. Alikuwa anaongea! Alipokaribia kwangu nikainua mkono juu, kama tunavyowafundisha watoto wote wa nchi hii wakitaka kuvuka, ili asimame nimpige picha. Mtu akiwa na mkono juu pale, gari linasimama. Hata mlevi anasimama.

Akapita.

Nikacheka, nikasema mzee huyu ana utani. Mzunguko wa pili nikasogea mpaka mstari wa kwanza mweupe, mkono juu, na mwavuli wangu mwekundu mkononi. Akapita tena. Upepo wa gari ukanipeperusha sketi. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama mbele, na mimi sikuwemo ndani ya macho yale. Nilimwona Mizuki ameweka mkono kwenye breki ya mkono, amebadilika rangi. Mzunguko wa tatu sikusogea mbele, niliogopa. Niliinua tu mkono, nikamwita jina lake, jina lenyewe, ambalo huwa silitaji. Akapita, anaongea, anatabasamu.

Alizima injini palepale alipoanzia, ndani ya mistari, sawasawa kabisa. Akatoka kama kijana.

"Umeona, Mama Chinatsu? Umeona? Hakuna hata mara moja gia ililia!"

"Nimeona."

"Imecheka mzunguko wote wa pili. Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Mpigie basi huyo hakimu wako umwambie." Alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa koti. "Lakini wewe ulikuwa umesimama wapi? Nilitaka unione, nikakutafuta."

Jamani. Ningeweza kusema nilikuwa chooni. Ningeweza kusema kivulini, nyuma ya ofisi. Neno moja tu, na kesho gari letu lingekuwa uani, na yeye angekuwa mume anayeongea, angalau kwa wiki chache. Nilimtazama Mizuki. Mizuki akatazama viatu vyake.

Kisha nikafikiria barabara yetu ya chini, saa shule inapotoka, na mikono midogo yote ile iliyoinuliwa.

"Nilikuwa kwenye pundamilia," nikasema. "Mkono juu. Mara zote tatu."

Akacheka kidogo. "Acha utani."

"Na mwavuli mwekundu."

Akamgeukia Mizuki. "Ni kweli, binti?"

Mizuki aliinama mpaka nywele zake za chungwa zikamfunika uso. "Nisamehe, Mzee Kajitani. Ulikuwa unanisimulia habari zake. Mara ya tatu ulikuwa unaniambia gauni alilovaa siku ya kwanza. Sikuwa na moyo wa kukukatiza."

Yoshiharu akatembea mwenyewe mpaka kwenye mistari, akasimama nilipokuwa nimesimama, akatazama lilipopita gari, akapima kwa macho. Hatua tatu, labda nne. Alirudi, akamkabidhi Mizuki ufunguo kwa mikono miwili.

"Usiliendeshe kwenye baridi ya asubuhi bila kulipasha moto kwanza," akamwambia. "Na uandike kwenye daftari."

Kwenye treni alikaa upande wa dirisha, mimi upande wa njia, na nilimshika mkono wa koti lile linalombana. Tulipofika nyumbani akasema, "Kuoga," nikamtilia maji. Simu ikalia akiwa bafuni. Chinatsu.

"Haya, shahidi. Aliendesha vipi?"

"Vizuri, mwanangu. Hujawahi kuona mtu anaendesha vile. Nilitamani usiishe ule mzunguko." Nikahamishia simu sikio la pili. "Kesho uje na gari lako la Nagoya. Uliegeshe uani. Umpeleke baba yako polisi akarudishe leseni."

Chinatsu alianza kuuliza swali, lakini mimi nilikuwa nasikiliza bafuni. Yoshiharu alikuwa anaongea mle ndani peke yake, kwa sauti ndogo, mfululizo, bila kupumzika. Nilikwenda nikakaa sakafuni nje ya mlango, nikafumba macho, nikanyamaza kimya ili asijue kwamba nipo.