Ndama Wanne na Barua ya Benki

Barua ilifika kabla ya kadi, na mkosi wangu ulianzia hapo. Mimi Machibya, karani niliyepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, nilijiona nina akili kuliko mtaa wetu mzima wa Mabatini. Nikaifungua palepale posta, nikaisoma, sikuelewa kitu, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Benki moja mpya mjini ilikuwa imeweka ukutani mashine ya kutolea fedha, nami nilijiandikisha kwa majivuno tu. Barua ilisema: hii ni namba yako ya siri. Ikariri, kisha iteketeze barua. Usiiandike kwenye karatasi yoyote. Usimwambie mtu yeyote, hata ndugu. Habari ya kadi haikutajwa. Namba ya kufanyia nini, sikujua. Nilichojua ni kwamba nikiisahau nimekwisha, na kichwa changu nakifahamu. Kiliwahi kusahau siku ya ubatizo wa mwanangu.

Mke wangu, Modesta, alinikuta naichoma kwenye jiko la mkaa.

"Barua ya nani hiyo?"

"Ya benki."

"Benki wanaandika barua za kuchomwa?"

"Wameagiza wenyewe."

Akarudi kuchambua mchele.

Jumamosi nilikwenda Misungwi, kwa mdogo wangu Paulo, anayenitunzia ng'ombe. Nilikuta ndama wanne wanangoja kupigwa chapa. Namba yangu ilikuwa na tarakimu nne. Barua ilikataza karatasi, haikusema lolote juu ya ngozi ya ndama! Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Nikamwendea mhunzi, akanitengenezea vyuma vya tarakimu, na kila ndama akapata yake pajani, kuanzia mkubwa hadi mdogo.

"Kaka," Paulo aliuliza, "chapa ya kwetu si herufi M?"

"Mambo ya kisasa haya. Usiulize."

Sasa, ndama hao walikuwa sehemu ya mahari ya mwanangu Masalu, aliyekuwa anamchumbia Winnie, binti wa watu wa hukohuko Misungwi. Miezi michache baadaye, kadi bado haijafika, Kashindye, baba mdogo wa Winnie, alikuja kukagua mifugo. Aliwazunguka ndama, akainama, akatazama mapaja.

Kwetu boma moja lina chapa moja. Mtu mwenye ndama wa chapa nne amewatoa kwenye maboma manne, na hakuwanunua.

"Mkwe," Kashindye alisema taratibu, "sisi hatuozi binti kwa ng'ombe wa watu."

Alasiri hiyo Sungusungu, walinzi wa kijiji, walituita kwenye uwanja wa mnada, familia nzima na ndama wetu. Sungusungu wakikuona mwizi wa ng'ombe, unatengwa. Hakuna atakayekusalimia, hakuna atakayekuazima jembe, na mwanao haoi kijiji hicho wala cha jirani. Masalu alisimama nyuma yangu na shati lake jipya, alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo.

Kamanda wao, Chenge, alinyoosha fimbo kuelekea mapaja ya ndama. "Mzee Machibya, chapa hizi ni za nani?"

"Ni zangu."

"Zote nne?"

"Zote. Zina maana yake."

"Maana gani?"

Maneno ya barua yakanijia. "Ni siri," nikajibu.

Uwanja mzima uliguna. Katika kesi ya wizi wa ng'ombe nisingeweza kuchagua neno baya zaidi ya hilo. Paulo alisimama kuapa kwamba ndama walizaliwa zizini kwake. Wakamwambia akae chini, mdogo mtu lazima amtetee kaka yake.

"Baba, sema," Masalu alininong'oneza. Sauti ilikuwa inamkatika. Niligeuka nikaona ananitazama kama mtu asiyenijua. Iliniuma, iliniuma sana, na benki nikaitupilia mbali.

Nikasema yote. Kwamba ni namba ya siri, kila ndama na tarakimu yake, na kwamba unaanza kusoma kwa ndama mkubwa.

Chenge alikuna kidevu. "Mzee, wewe umeshika kalamu miaka mingi. Unataka tuamini ulichukua siri ya benki ukaipiga chapa kwenye ndama wanaopita barabarani kila siku?"

"Ndiyo."

"Hakuna mtu mjinga kiasi hicho."

Watu wote walikubaliana naye. Maisha yangu yote nimehangaika kuficha ujinga wangu, na siku niliyouhitaji, hakuna aliyeuamini.

Ndipo Modesta akasimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Huyu ni mjinga kiasi hicho. Nimeishi naye, naomba nieleze."

Akaeleza. Jinsi nilivyovuka ziwa na meli hadi Nansio, kisiwani, kuzika, nikaingia msiba usio wetu, nikalia kuliko wafiwa na rambirambi nikatoa. Jinsi nilivyouficha ufunguo wezi wasiuone, tukalazimika kuvunja mlango wetu wenyewe. Watu walianza kucheka. Nilitaka kumkatiza, badala yake nikajikuta namkumbusha ile ya baiskeli. Akaieleza pia. Mwisho akasema aliniona kwa macho yake naichoma barua ya benki jikoni, na kwamba siku ile hakushangaa hata kidogo.

Chenge alikuwa anafuta machozi. "Mke anayemtetea mume kwa uongo humsifia," alisema. "Mama huyu anasema kweli. Mzee si mwizi."

Kashindye alinipa mkono. "Ujinga hauna kesi, mkwe. Ila wajukuu tuombe wafuate upande wa mama."

Masalu alioa. Kadi ilifika wiki ya harusi, wakati ndama wameshahamia kwa Kashindye na Misungwi nzima inaijua namba yangu. Nikaiomba benki namba nyingine. Ilipokuja, bahasha sikuifungua. Nilimkabidhi Modesta, akasoma, midomo ikimchezacheza, kisha akaitia kwenye jiko.

Tangu hapo tunakwenda benki wawili. Mimi naingiza kadi, yeye ananisogeza pembeni na kuziba mashine kwa khanga. Nimemwomba namba mara moja tu, kwa upole, tukiwa njiani kurudi nyumbani.

"Baba Masalu," alinijibu, "nilitoa ushahidi mbele ya watu wote wale. Nikikupa namba, si nitakuwa niliwadanganya?"

Nikambebea kapu lake, tukaendelea kutembea.