Kahawa ya Mara ya Tatu

Orville Haugen alikataa kahawa mara tatu, na hapo ndipo mkewe Ardis alipojua kwamba mume anamponyoka.

Mara mbili za kwanza hazikumshtua. Kwa wakulima wa viazi vya kutengenezea sukari kule kaskazini mwa Minnesota, Marekani, mtu mwenye adabu zake hapokei kitu kabla hajakikataa mara mbili. Ukiambiwa karibu kahawa, unasema usijisumbue. Ukiambiwa tena, unasema nimeshiba. Ya tatu ndiyo unapokea kikombe, tena kilichojaa. Ardis mwenyewe, alipoposwa miaka hamsini na moja iliyopita, alikubali mara ya tatu. Kwa hiyo alipoinua chupa ya kahawa kwa mara ya tatu kando ya kile kitanda cha hospitali, na keki ya maboga imeshakatwa, alikuwa amekwisha kuinamisha chupa.

"Hapana, Mama," Orville alisema, akageuza uso.

Ilikuwa siku ya nne tangu awekewe nyonga ya bandia, baada ya kuanguka kutoka kwenye lori la mavuno na kuvunjika. Chini ya blanketi tumbo lilikuwa limeumuka kama unga uliozidi hamira. Nesi Renae aliingia na karatasi zake.

"Bwana Haugen, maumivu yakoje? Moja hadi kumi."

"Ah, si mabaya. Mbili hivi."

"Na upepo wa tumboni? Umetoka?"

Orville alitazama dirishani. "Umetoka."

Renae akaandika, akatabasamu, akasema mambo yakienda hivi kesho atarudi nyumbani. Ardis alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Uongo mtupu! Mzee huyu angekubali kukatwa kidole kuliko kutaja upepo wake mbele ya mwanamke, na isitoshe viazi vilikuwa bado ardhini na mtoto wao yuko peke yake shambani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hasira nyingine ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Tumbo lile aliliona tangu jana, akanyamaza, eti asiwasumbue manesi.

Alimkuta daktari wa upasuaji, Solveig Brekke, kwenye korido. Ni binti wa jirani zao wa zamani.

"Daktari, samahani, sitaki kukusumbua."

"Hunisumbui, Bi Haugen."

"Pengine si kitu. Ni Orville. Amekataa kahawa."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Daktari alifunga faili lake, akatangulia chumbani. Alifunua blanketi, akaligonga tumbo kwa vidole. Likalia kama ngoma.

"Bwana Haugen, niambie kweli. Upepo umetoka lini?"

"Solveig, mimi nilikuwa rafiki ya baba yako. Mambo haya siwezi kuyaongea na wewe."

"Baba naye alinijibu hivyo hivyo," alisema daktari. "Tumemzika."

Orville alifumba macho. "Tangu nilipopasuliwa, haujatoka."

Wakamkimbiza kwenye mashine ya picha. Ardis alibaki amesimama, keki mkononi, roho juu. Daktari aliporudi alimweleza pale pale mlangoni, kwa maneno ya kueleweka.

"Hakuna kilichoziba. Njia ni nyeupe. Utumbo mpana umegoma tu. Kuvunjika kule, upasuaji, mofini ya maumivu, na potasiamu imeshuka damuni, vyote vimeulaza. Upepo unaingia, hautoki. Pale utumbo huo unapoanzia umetanuka hadi sentimita kumi na mbili na nusu."

"Hizo ni nyingi?"

"Unaweza kupasuka wakati wowote. Ukipasuka, uchafu unamwagika tumboni, na kwa umri wake wengi hawavuki."

Mofini ilisimamishwa. Alipitishwa mpira puani, mwingine nyuma, potasiamu ikawekwa kwenye dripu. Kwa mgonjwa mwingine, daktari alisema, angesubiri siku moja mbili aone kama utumbo utaamka wenyewe. Kwa huyu hapakuwa na siku ya kusubiri.

"Nitampa dawa ya kuuamsha utumbo. Lakini dawa hiyo hiyo hupunguza mapigo ya moyo. Renae atashika sindano ya kuuinua moyo ukizidi kushuka. Tukishindwa, tutaingiza kamera tuunyonye upepo. Na hiyo ikishindwa, ni kisu."

Orville alilazwa chali, nyaya zimemjaa kifuani. Daktari alisukuma dawa taratibu sana. Kwenye kioo mapigo yalisomeka sabini na nane. Kisha sitini na mbili. Kisha hamsini na moja. Jasho lilimtoka Orville, na mate, na tumbo halikutikisika.

"Unaumwa kiasi gani?" daktari aliuliza. "Nahitaji kujua kama utumbo umepasuka."

"Si vibaya sa..."

"Orville!"

Ardis alikuwa hajawahi kumpigia kelele mbele za watu maisha yake yote. Hata Renae aliruka.

"Tisa," Orville alisema, na machozi yakamchuruzika mpaka masikioni. "Tumbo linaninyonga, Mama. Halijapasuka, linaninyonga. Naogopa."

Arobaini na nne. Arobaini na moja. Renae aliichomeka sindano yake kwenye mrija, akamtazama daktari, kidole gumba juu ya bomba. Daktari aliinua mkono: subiri. Ardis alihesabu pumzi za mumewe, maana hakuwa na jingine la kufanya.

Ndipo tumbo liliponguruma. Likanguruma tena, na kilichofuata kilisikika mpaka kwenye meza ya manesi. Waliosema kimya kingi kina mshindo hawakumjua Orville Haugen, lakini walimsema yeye. Ulitoka, ukatoka, na blanketi likashuka wakilitazama.

"Samahani," alisema Orville, mwekundu shingo nzima.

"Usithubutu kuomba samahani," daktari alisema, macho kwenye kioo. Arobaini na sita. Hamsini na tano. Renae akaichomoa sindano bila kuitumia.

Picha ya jioni ilionyesha sentimita nane. Daktari aliwaonya kwamba utumbo unaweza kugoma tena, kwa hiyo mofini marufuku, atembezwe koridoni kila siku, na mzee aseme kweli. Nyumbani kungesubiri, na viazi vingevunwa bila yeye.

Siku mbili baadaye aliruhusiwa kunywa kidogo kidogo. Renae alikuwa akibadilisha dripu, daktari amesimama mlangoni. Ardis alifungua chupa, akajiandaa kuuliza mara tatu kama kawaida.

"Kahawa, Orville?"

"Ndiyo, Mama. Nipe."

Ardis alimimina hadi kikombe kikafurika na kahawa ikamwagika kwenye shuka safi. Alilia kwa sauti, mbele ya nesi na mbele ya daktari, wala hakumwomba mtu radhi.