Uzi Mwekundu wa Mwangangi

Ukitaka mikanda ya punda pale Thika utaelekezwa kwa Mwangangi, na usipoelekezwa atakuita mwenyewe. Ana mdomo yule mzee! Kibanda chake kiko Makongeni kando ya barabara, na mtu akisimama tu kufunga kamba ya kiatu, tayari Mwangangi keshamweleza kwamba mikanda yake haikatiki, kwamba inavuta mikokoteni ya maji toka Thika hadi Ruiru, na kwamba kila mmoja una alama yake, mshono wa uzi mwekundu pale kifuani. "Ukiona nyekundu, ujue hiyo ni kazi ya mtu," husema. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini cha Mwangangi kilikuwa pia na mpiga debe.

Basi mwaka jana punda wakaanza kuchubuka vifua. Watu wa Thika wakasema ni wale wa Ruiru, hawana utu, wanampakia mnyama kama lori. Watu wa Ruiru wakasema wa Thika ndio mabingwa wa fimbo. Kila upande ulikuwa na grupu yake ya simu, na kila upande ulificha vidonda vyake. Mtu anamwosha punda na maji ya chumvi, anamfunika gunia, kesho anamrudisha kazini. Jamani, mnyama hasemi, ila hilo si ruhusa ya kumtesa!

Mumbi wa Kiuu, kule Ruiru, ndiye aliyechoka. Mama huyu ana punda wanne na hana muda wa porojo. Aliunganisha grupu zote mbili, akaweka sheria. Kila jioni, ukishamfungua punda, unampiga picha akiwa na mikanda yake na nyingine akiwa bila, unazituma kwa wote, jina lako liwepo. "Anayeficha kidonda anakifuga," alisema. Na dereva ambaye punda wake ataonyesha kidonda kisichofunga, hakuna mwenye punda kuanzia Makongeni mpaka Kiuu atakayempa kazi tena.

Aliyeshangilia kuliko wote ni nani? Mwangangi! Yeye hana hata punda, lakini alitiwa kwenye grupu kwa sababu ni fundi. Kila jioni miwani inateremka puani, mzee anahukumu. "Huyo ana mkono wa chuma!" "Huyo apelekwe polisi!" Na usidhani alikuwa anaigiza. Kule Yatta alikozaliwa, mama yake aliwalea kwa mgongo wa punda mmoja wa maji, na hadi leo Mwangangi hawezi kumpita punda bila kumkuna paji la uso. Akiona kidonda, usingizi wake umekwisha.

Jina lililorudi kila jioni lilikuwa la Khisa. Huyu ni baba wa watoto watatu, ametoka upande wa Bungoma, na anamwendesha punda wa Mumbi anayeitwa Tajiri. Kifua cha Tajiri kilikuwa kimekataa kupona.

Mkutano ukaitwa Jumapili baada ya kanisa, uani kwa Mumbi. Mwangangi alishuka kutoka Thika na koti lake la harusi. Khisa alisimama kando ya Tajiri na mkokoteni wake wa maji, kofia mkononi.

"Mimi sijawahi kumchapa Tajiri. Hata mlima nikifika nashuka, nasukuma na yeye. Mkininyima huyu punda, sijui watoto nitawaambia nini."

"Kidonda hakiji na upepo!" Mwangangi akanguruma. "Mtu mzima unadanganya Jumapili? Huyu atolewe leo leo!"

Wengi wakaitikia. Mumbi akainua mkono. "Ngojeni. Kabla hatujamfukuza mtu, tuangalie picha zote, si za Tajiri peke yake." Alikuwa amezichapisha pale saiba, kwenye duka la kompyuta, akazitandaza juu ya meza mbili za plastiki, punda wenye vidonda huku, wazima kule.

Watu wakainama kutafuta madereva wabaya. Wakashangaa. Kwenye meza ya vidonda alikuwamo punda wa Kiama, mzee anayemwimbia punda wake nyimbo za kanisa njia nzima. Kwenye meza ya wazima, wa Githinji, ambaye fimbo yake inajulikana mpaka na watoto.

"Haiya! Basi hizi picha ni za uongo," mtu akasema.

"Si za uongo. Na Githinji, fimbo yako tutaizungumza baadaye," Mumbi akajibu.

Mwangangi alivuta miwani karibu ili apate ushahidi wa kummaliza Khisa. Kwenye picha ya Tajiri akaona kitu chekundu kifuani. Akachukua ya pili. Chekundu. Ya tatu, chekundu. Meza nzima ya vidonda ilikuwa na uzi wake. Akakimbilia ile meza nyingine. Kule kulikuwa na kamba, na magunia yaliyokunjwa, na mikanda miwili tu yenye uzi mwekundu, yote ya zamani, ya ngozi, aliyoishona kabla hajaanza kutumia nailoni.

Nyani haoni kundule, lakini siku akiliona, ataficha wapi uso? Hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Wote walikuwa wakitazama vidonda na majina, nani atatazama uzi? Angeweza kurudi kwenye kiti chake, Khisa akaenda zake, na jina la Mwangangi likabaki linang'aa Thika na Ruiru. Alisimama pale, akamtazama Khisa aliyekuwa bado anaizungusha ile kofia.

"Khisa," akasema, "mfungue Tajiri. Niletee ile mikanda."

Akavua koti, akavua shati. Akajivisha mikanda ya punda, akajifunga kwenye mkokoteni uliojaa mitungi ya maji.

"Ngai! Mzee amepandwa na nini?" Kiama akauliza, na watu wakaangua kicheko.

Mwangangi akavuta. Akavuta mpaka getini, akageuka, akavuta mpaka mezani, mishipa ya shingo imesimama. Kufikia hapo hakuna aliyekuwa anacheka. Akafungua mikanda. Kwenye kifua chake cha kizee palikuwa na mstari mwembamba, ngozi imechubuka, mahali pale pale penye kidonda cha Tajiri.

"Ngozi ya ng'ombe iliadimika, nikaleta nailoni," alisema, akitweta. "Nyembamba, ngumu. Nikajisifu kwamba haikatiki. Ni kweli, haikatiki. Kinachokatika ni kifua cha punda. Toeni jina la Khisa. Wekeni langu."

Khisa akaokota shati, akamsaidia kulivaa. "Pole, mzee."

"Usinipe pole mimi. Mpe Tajiri. Na wewe unisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini utaitengeneza?"

Aliitengeneza! Alizunguka mwenyewe, Thika na Ruiru, akiikusanya mikanda yote ya nailoni, akashona mipana, ndani imetandikwa blanketi. Hakumtoza mtu. Mkewe Mourine aliamka asubuhi moja akakuta kitanda hakina hata blanketi moja, akasema afadhali angeolewa na punda. Na kila jioni picha ziliendelea kuingia. Vidonda vikakauka, vikafunga, manyoya yakaota. Kila mtu alikuwa amedhani ni punda wake peke yake mwenye bahati mbaya, na sasa wote wakajua kilichowaponya ni kuonyeshana. Watu wa Juja wakaomba kuingia kwenye grupu. Mumbi akatembea Kiuu kichwa juu, na alistahili.

Juzi mteja mmoja alimnong'oneza Mwangangi kibandani, kwa nia njema tu, abadilishe rangi. "Weka hata bluu, fundi. Watu bado wanaongea juu ya ule uzi mwekundu."

"Waongee," Mwangangi akasema, akipitisha sindano kwenye blanketi. "Uzi ni ule ule. Siku ukiona kidonda chini yake, ujue ni mimi, uje uniulize."

Akakata uzi kwa meno, akachomoa simu mfukoni, akamwita mama aliyekuwa akipita zake na sukuma wiki. "Wee mama! Umeona kifua cha Tajiri?"