Ekari Tano za Mzee Chapa

Mzee Chapa alimzaa Mzee Kimya, na Mzee Kimya akamzaa Mkaguzi, ambaye habari hizi ni zake. Mzee Chapa alikuwa mfugaji wa ng'ombe mia tatu, na maishani mwake hakuwahi kuitwa mbele ya baraza lolote isipokuwa kuombwa aliongoze. Jina hilo alilipata kwa sababu kila alichokimiliki alikitia alama ya duara lenye mstari katikati: ng'ombe, milango, majembe, hata kigoda alichokalia. Mzee Kimya naye alikuwa muungwana wa maneno machache. Mtu aliweza kuzungumza naye hadi jioni, akaondoka akidhani amejibiwa. Mwaka wa ukame mkubwa aliuza nusu ya ranchi ili nusu ya ng'ombe wapone, wala hakulitaja jambo hilo tena. Mkaguzi alirithi fahari ya mmoja. Ukimya wa mwingine haukumfikia.

Alikuwa amestaafu ukaguzi wa shule miaka mingi, lakini ukaguzi wenyewe ulikuwa haujastaafu ndani yake. Alikagua kucha za wajukuu, vitanda vilivyotandikwa na magazeti yaliyokunjwa. Na kila ukoo ulipokusanyika, aliwasimulia kuhusu nyumba aliyozaliwa, iliyokuwa katika ile nusu iliyouzwa: hatua thelathini kutoka mlangoni hadi kwenye birika kubwa la saruji la kunyweshea ng'ombe, ambalo Mzee Chapa alilitia alama yake kwa kidole, saruji ikiwa mbichi. Wajukuu waliijua hadithi hiyo kiasi cha kuweza kumsahihisha, ingawa hakuna aliyethubutu.

Sasa alikuwa na miaka themanini na mmoja, na alitaka jambo moja tu: kujenga vyumba viwili pale pale alipozaliwa, amalizie siku zake hapo. Mwenye ranchi wa sasa, mfuga ng'ombe wa maziwa, alikubali kumuuzia ekari tano popote atakapochagua. Zilizobaki angewagawia wanawe, kwa hiyo nafasi ilikuwa hiyo moja.

Siku ya kuchagua, Mkaguzi alikwenda na mjukuu wake wa kike, ambaye ni mpima ardhi. Aliliona birika kutoka mbali, bondeni, karibu na matete, akaliendea moja kwa moja kama aliyeitwa kwa jina. Mwenye ranchi alifungua kinywa. Mkaguzi akamwinulia kiganja.

"Nimezaliwa hapa, kijana."

Kijana huyo ana miaka sitini na mbili. Alifunga kinywa, na vigingi vikapigwa.

Juma moja baadaye, asubuhi ya kutia saini, ilibidi dada yake Mkaguzi awepo kama shahidi wa ukoo. Dada huyo anamzidi miaka mitano, na wote humwita Bibi Fimbo, kwa kuwa ndiye aliyechunga ng'ombe wa baba yao tangu utotoni, wakati mdogo wake akisoma katika shule ya bweni. Alikataa kwenda kwa wakili kabla hajaiona ardhi. Basi wakapita huko kwanza, wote wanne, pamoja na mjukuu na mwenye ranchi.

Bibi Fimbo alishuka garini, akatembea hadi kwenye birika, akaketi ukingoni mwake. Alitazama matete. Alitazama viatu vya mdogo wake, vilivyong'arishwa kama kioo na sasa vikizama topeni taratibu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Unacheka nini, dada?" Mkaguzi aliuliza.

"Najaribu kukumbuka. Ulipozaliwa, ulikuwa mtoto au chura?"

Mjukuu alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Babu, hata mimi nilisema," alinong'ona. "Udongo huu haubebi hata banda la kuku."

"Ulisema kwa sauti ndogo," Mkaguzi alijibu. Akainama, akafuta ukoga kwa leso yake, na alama ikajitokeza, duara na mstari. "Huu ni mkono wa Mzee Chapa. Alama hii haidanganyi."

"Haidanganyi," Bibi Fimbo alikubali. "Birika ndilo lililotembea." Akamgeukia mwenye ranchi. "Nani alilileta huku, mwanangu?"

"Marehemu baba, mama. Maji ya kule juu yalikauka, akalikokota kwa trekta na minyororo."

"Na wewe ukanyamaza?"

Mwenye ranchi aliangalia chini. "Mzee alisema amezaliwa hapa. Tena mara ya mwisho kumsahihisha nilikuwa darasa la tatu, alipokuja kukagua shule yetu. Nilisimama nje hadi kengele ya kwenda nyumbani."

Mkaguzi aliinua macho kutazama mwinuko. Majani tu, kila upande majani yale yale. Alitafuta mlango, kizingiti, alama yoyote ya kumwambia hapa ndipo, asiione. Alipelekwa bweni akiwa na miaka saba. Likizo alizokuwa akirudi alikaa na vitabu ndani. Kisha ardhi ikauzwa na nyumba ikabomolewa. Miaka yote hiyo alikuwa akisimulia habari za birika. Kama karatasi ingetiwa saini mchana huo, angenunua matope, na mahali alipozaliwa pangebaki kwa wengine moja kwa moja.

"Niulize," dada yake alisema.

Mkaguzi alirekebisha tai. Alikuwa amewauliza maswali maelfu ya watoto na walimu, lakini yote majibu yake alikuwa nayo mfukoni.

"Dada, nyumba yetu ilikuwa wapi?"

"Umesemaje? Sikio la upande huu limezeeka."

"Nyumba yetu ilikuwa wapi, dada?"

"Miaka sabini na minne nalisubiri swali hilo," alisema Bibi Fimbo, akainuka. "Nishike mkono. Hayo matope yako yanateleza."

Walipanda polepole hadi kwenye mwamba uliofika kiunoni. Ng'ombe mmoja wa maziwa alikuwa akijikuna ubavu hapo, amefumba macho kwa raha. Bibi Fimbo alimsukuma kwa fimbo, akauchukua mkono wa mdogo wake na kuuweka juu ya jiwe. Lilikuwa laini kama meza ya mwalimu.

"Hili halikokotwi na trekta. Wetu walijikuna hapa wakishakunywa, na birika lilikuwa mbele yake. Haya, hesabu zile hatua zako thelathini, kuelekea linakochomoza jua."

Mkaguzi alihesabu kwa sauti, mgongo wima. Thelathini ilimkuta katikati ya majani matupu. Alisimama hapo, mikono ikining'inia.

"Hazikuwa hatua za mzee mwenye suruali ya pasi," dada yake alimwita kutoka nyuma. "Zilikuwa za mtoto wa miaka saba. Rudi."

Alirudi. Hatua ya tatu, ya sita, ya kumi na mbili. Hapo ncha ya kiatu ikagonga kitu kigumu. Mjukuu alipiga magoti, akang'oa majani, na mawe ya msingi yakatokea, yamepangwa mstari mmoja. Kwenye jiwe la kona palikuwa na duara.

Mkaguzi hakusema neno. Huenda ndiyo mara ya kwanza alipofanana na baba yake.

"Na kwenye hiyo karatasi ya wakili," Bibi Fimbo aliuliza, "kuna jina la nani?"

"Langu," alisema. Kisha akasema, "Na lako."

"La kwangu litangulie. Mimi ndiye mkubwa."

Vigingi vikang'olewa bondeni, vikapigwa juu. Karatasi ikaandikwa upya, na majina mawili yakawekwa kwa mpangilio alioutaka mkubwa. Mwenye ranchi alitia saini huku akitabasamu.

Mwezi uliofuata Mkaguzi aliwakusanya wajukuu wote juu ya ule msingi, Bibi Fimbo akiwa amekalishwa kwenye kiti mbele. Aliwasimulia hadithi yote, na sehemu ya chura hakuiruka. Kisha akawatazama mmoja mmoja.

"Simameni wima. Simu mifukoni. Kila mmoja wenu, kabla ya Jumamosi, amwendee mtu anayemzidi umri, amuulize jambo asilolijua, kisha afunge mdomo asikilize hadi mwisho. Swali na jibu mniletee kwa maandishi safi. Nitakagua."