Rejeta Chini ya Dirisha

Alhamisi saa tisa alasiri, Edna Sugden alizima boila ya kuchemshia maji, akatandaza taulo kuukuu sebuleni na kuanza kuing'oa rejeta, lile bamba la chuma linalopitisha maji ya moto na kupasha joto nyumba za mji wa Halifax. Ilikuwa chini ya dirisha, pazia limeifunika, ikiipasha joto barabara ya nje badala ya chumba. Kiti cha mumewe, Clifford, kilikuwa kwenye ukuta wa pili, wenye ukungu mweusi hadi darini. Kukisogeza hakukuwezekana, maana upande wa dirisha ndiko mlango wa nje unakofungukia. Kwa miaka tisa Edna aliiandikia ofisi ya nyumba ya halmashauri, iliyowapangisha, waje waihamishe rejeta. Kwa miaka tisa walimjibu kwamba hawana fundi.

Clifford alikufa kwa kifua mwezi wa Februari. Tangu hapo alirudi kila siku saa kumi na moja jioni, akaketi kitini pake na kutetemeka. Hilo la kurudi Edna hakulishangaa, kwani mwanamume yule hakuwahi kukosa chai yake. Kilichomkera ni kwamba hata baada ya kaburi ofisi ile haikumwachia joto.

Leo Clifford aliwahi kufika.

"Umehesabu mizunguko ya valvu? Uliyofunga ndiyo utakayofungua. Ukikosea, chumba cha juu kitapoa."

"Mitatu na nusu. Kunywa chai, mzee, uniache."

"Na ndoo iko wapi? Hayo maji ni meusi kama roho ya afisa nyumba."

Edna alikuwa ametengeneza mashine za kiwanda cha mazulia miaka thelathini, bomba halikumtisha. Aliunga mabomba ya shaba, akaweka pima maji, akaitundika rejeta karibu na kiti, akatoa hewa mpaka ikatema maji, kisha akawasha boila. Clifford aliweka viganja juu ya chuma. Kutetemeka kukakoma. Baadaye akakoroma, na Edna akalia kidogo jikoni.

Jumatatu jioni, Clifford akiwa kitini, alikuja afisa nyumba, Bwana Pickersgill. Aliwasalimu wote wawili, akaugonga ukuta.

"Mmehamisha kifaa bila kibali."

"Nimewaomba miaka tisa."

"Hilo ni faili lingine, mama. Na huyu mzee hayumo kwenye mkataba."

"Alikuwamo mpaka mlipomuua."

Bwana Pickersgill alimgeukia Clifford. "Unapumua?"

"Kidogo," alisema Clifford, aliyekuwa mtu mkweli.

Afisa akaandika kwamba unyevu unasababishwa na pumzi za marehemu, na kwamba mpangaji anashauriwa kufungua madirisha.

Jumatano asubuhi waliingia mafundi watatu, wenye gari na ngazi, wakairudisha rejeta chini ya dirisha. Walifanya kazi safi. Clifford akiwa hai, ofisi ilikosa fundi hata mmoja.

Saa kumi na moja jioni Clifford aliingia, akayatazama matundu manne ya skrubu ukutani pale rejeta ilipokuwa, akaketi. Edna alimfunika mumewe kwa koti lake la sufu, kisha na la kwake mwenyewe, akamshika mikono. Mikono ya Clifford ikaanza kutetemeka tena.