Sketi ya Mtihani

Haya, mjukuu wangu, nitegulie kitendawili hiki: mlango uko wazi, hauna kufuli wala mbwa, na mtoto mwenye nafasi yake ndani haruhusiwi kuingia. Umeshindwa? Ni darasa.

Bunge lilikuwa limepitisha sheria: msichana mwenye mimba marufuku shuleni. Fundi cherehani aliisikia redioni akiwa amepiga magoti mbele ya bintiye, anaipanua sketi ya shule kwa mara ya mwisho, maana kitambaa cha akiba kwenye mshono kilikuwa kimekwisha. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa asubuhi hiyo hiyo.

“Wamefanya vizuri,” wifi yake alisema kutoka mlangoni. “Au mlitaka darasa ligeuke wodi ya wazazi?”

“Wifi, kama huna la maana, nishikie mkasi.”

Binti alijitazama kwenye kioo, akavuta tumbo ndani. Halikuvutika.

“Mama, watanijua?”

Fundi alikuwa amebana pini midomoni, akajifanya ndizo zinazomzuia kusema. Akabana kiuno cha sketi, akalegeza, akabana tena.

“Mama, si nakuuliza?”

Akazitemea pini kiganjani.

“Watakujua, mwanangu. Vaa viatu, twende wote.”