Hapa Hakuna Asiyejiweza

"Kwa takwimu zetu, mzee wangu, mtaa wenu hauna mtu asiyeona hata mmoja," alisema afisa wa ustawi, kwa sauti ya mtu anayesoma jambo asilolipenda.

Fundi Kufuli aliegemeza fimbo yake mezani, akageuza uso kuifuata ile sauti. "Basi ziambie hizo takwimu zije zinione," alisema. "Maana mimi siwezi kuziona."

Afisa alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Akaeleza taratibu. Soko jipya lilikuwa limetengewa meza za kazi kwa watu wenye ulemavu, kila meza na paa lake na kabati la kufungia vifaa. Meza hizo ziligawanywa kwa hesabu ya kila mtaa, na hesabu ilikuwa imeletwa na makarani waliopita nyumba kwa nyumba. Mtaa uliohesabiwa sifuri haukupata kitu.

"Ila tunarudia kuhesabu," afisa alisema. "Malalamiko yamezidi. Karani atapita kwenu wiki hii, na safari hii hakikisha umehesabiwa."

Mkewe alikuwa akimngoja nje, kwenye benchi. Alimshika kiwiko, akamtazama usoni. "Wamesemaje?"

"Wamesema mimi sipo."

Walishika njia ya kwao. Hakuna aliyetaka kuanza kulizungumzia, kwa sababu wote wawili waliijua ile sifuri ilikozaliwa. Karani wa kwanza alikuwa amesimama mlangoni mwao akauliza kama lilivyo swali lake kwenye karatasi: "Humu ndani kuna mtu asiyejiweza?" Mke wa fundi, mikono imejaa povu la sabuni, alimjibu pale pale: "Hapa hakuna asiyejiweza. Mume wangu anajiweza kukushinda wewe." Karani akaandika hakuna, akaenda zake.

Na Fundi Kufuli aliyasikia yote hayo kutoka barazani. Alikuwa anachonga ufunguo, akaacha kwanza kuchonga ili asikie vizuri. Kichwa kilimvimba siku ile mpaka kofia ikataka kumbana. Angeweza kuita, aseme jamani nipo huku na macho yangu hayaoni, lakini mtu akisifiwa na mkewe mbele ya serikali hanyanyui mdomo kubisha. Alimpenda sana mwanamke yule, na siku ile alimpenda zaidi.

Sifa, hata hivyo, haziezeki paa. Mwenye nyumba alitaka kuligeuza baraza kuwa duka la mwanawe. Matofali yalikuwa yameshashushwa, na fundi alikuwa ameyapapasa mwenyewe yalivyopangwa kando ya jiliwa lake. Bila baraza hakuna mahali pa kufungia jiliwa, na bila jiliwa la kubana ufunguo, hana kazi.

Kazi yenyewe aliijua tangu alipokuwa anaona, na macho yalipomwacha kidogo kidogo, vidole vilipokea zamu. Mteja akimletea ufunguo wa zamani, aliupitisha ukucha wa gumba kwenye meno yake mara moja, mara mbili, kisha akaubana ufunguo mpya na kuanza kupiga tupa. Kufuli lililogoma alilisogeza sikioni akalichokonoa polepole, akisikiliza vipini vya ndani vinavyoinuka kimoja kimoja. Watu walisema anaongea na makufuli. Yeye alisema hapana, anayasikiliza tu, kuongea ni kazi ya mkewe.

Alikuwa na tabia moja iliyomkera mkewe. Akimtaka, hakumwita. Aligonga jiliwa kwa tupa, ngo, ngo, chuma kwa chuma, mpaka sufuria za jikoni zikatetemeka.

"Mimi si mlango," mkewe alifoka kila mara, akitokea huku anafuta mikono. "Unanigongea nini? Jina langu limekushinda?"

"Samahani, mke wangu. Uzee."

"Uzee gani? Adabu ndiyo iliyokuishia."

Naye alicheka tu, akaomba maji.

Jioni ile baada ya kutoka ofisini, fundi alimwambia, "Akija karani, lile neno liseme."

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Silisemi," mkewe alijibu. "Nimekula jasho lako miaka yote hii, halafu nikuite asiyejiweza? Ukilitaka, liseme mwenyewe."

Alipobaki peke yake barazani, alijaribu. "Mimi sijiwezi," alisema kwa sauti ya chini. Neno lilimkaa mdomoni kama ufunguo wa kufuli jingine, unaingia lakini hauzunguki. Alijaribu tena, akaishia kukohoa. Ila matofali yalikuwa pale pale, na asubuhi yake akaamka ameamua kwamba atalisema hata kama litamkwama.

Karani mpya alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya uchovu. Alipiga hodi, akakaribishwa barazani, akavua viatu vyake kidogo kupumzisha miguu. Mke wa fundi aliwaletea chai, akaketi akamkabili, mikono imefumbatana mapajani, amejiandaa kwa vita.

"Dada," fundi alianza kabla hajaulizwa, "mimi ni mtu asiye... mimi si—"

"Subiri, baba," karani alimkatiza kwa upole. "Hatuulizi hivyo tena. Lile swali lilitupotezea watu wengi. Kila nyumba walituambia hakuna." Akawasha kishikwambi chake. "Una ugumu wa kuona, hata ukivaa miwani?"

Fundi alikuwa amejikaza kusukuma mlango, kumbe haukufungwa. "Sioni kabisa," alisema.

"Na kazi unafanya?"

Alimnyooshea ufunguo aliokuwa ameumaliza, bado una joto la tupa. Karani aliugusa, akaandika. Akauliza kama angependa meza ya soko, naye akasema angeipenda leo kabla ya kesho. Mke wa fundi alishusha pumzi ndefu. Vita havikuja.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Bado wewe, mama. Tunauliza kila mtu wa nyumba." Karani alimwuliza kuhusu macho, akajibiwa anaona mpaka uchafu wa majirani. Wakacheka. Kisha karani akainamia kishikwambi chake, kidevu kikagusa kifua, akasoma swali lililofuata kwa sauti ile ile ya uchovu: "Una ugumu wa kusikia?"

"Nimeshatia sukari," mke wa fundi alisema kwa uchangamfu. "Lakini kama haitoshi, nitaongeza."

Karani aliinua uso. Alimtazama mama, kisha akamgeukia fundi, akangoja.

Fundi Kufuli alikaa na tupa mkononi. Alijua tangu zamani. Sikio linalosikia kipini kinachoinuka ndani ya kufuli haliwezi kukosa kusikia jibu ambalo halikuja. Sasa ilikuwa zamu yake kusema hapa hakuna, na maneno yalikuwa yameshamfika kooni, matamu kabisa. Lakini alikumbuka utamu wa mara ile ulivyomgharimu.

Aligonga jiliwa, ngo, ngo, polepole. Mkewe akageuka.

"Anakuuliza," fundi alisema, akifungua mdomo vizuri kwa kila neno, "kama unasikia sawasawa."

Mkewe alifungua kinywa kufoka. Kisha akaiangalia tupa mkononi mwa mumewe, akaliangalia jiliwa, na kinywa kikajifunga chenyewe.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini unanigongea?"

"Tangu ulipoacha kuniitikia," alisema. "Nilidhani umeninunia. Baadaye nikajua."

"Na mimi nakutukana kila siku."

"Unatukana vizuri. Nimezoea."

Mkewe alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akacheka, akayafuta tena. Halafu akamwelekea karani, mgongo umenyooka. "Andika ndiyo," alisema. "Tena andika wote wawili, usituruke. Na uandike kwamba tunajiweza."

"Hilo halina sehemu yake, mama," karani alisema.

"Basi kumbuka tu."

Karani alivaa viatu, akasema majibu ya meza yatatoka ofisini na hawezi kuahidi, akaelekea nyumba ya pili. Mke wa fundi alikusanya vikombe, akarudi jikoni. Fundi alibana ufunguo mwingine, akapiga tupa kidogo, akasimama.

Alimwita kwanza kwa jina, kwa sauti ya kawaida, kama zamani. Jikoni maji yaliendelea kumwagika kwenye karai.

Akanyanyua tupa, akagonga mara mbili.

"Karibu," mkewe aliitikia. "Mlango uko wazi."